USIOGOPE KURUDI DARASANI

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Kutoka 4:1-17 na Yoshua 3:14-17)

Leo tunataka kuzungumza juu ya woga. Si woga wa chui wala wa mwizi wa usiku, bali ni ule woga usioonekana, unaomshika mtu mzima mbele ya lango la shule.

Hapa Majengo, mjini Nyeri, nyumba zetu zimekaribiana. Mwadhini wa majirani zetu Waislamu hutuamsha sote alfajiri, na watoto wa makabila mengi hucheza pamoja na kusema Kiswahili. Majengo kama haya yako Nanyuki na Meru pia, nao wanaokaa huko wanajua maisha yake: ukienda mahali, jirani amekwisha kujua. Basi siri ni ngumu kutunza kwetu, na kwa sababu hiyo tutawasimulia habari ya mama mmoja bila kumtaja jina.

Mama huyu huuza viazi na kabichi. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, karo ilipokosekana nyumbani na mtoto mchanga akahitaji mlezi. Alikua, akaolewa, akalea watoto wake, na wote aliwapeleka shule. Kikundi cha akina mama kikamchagua awe mtunza hazina, kwa kuwa ni mwaminifu. Lakini kitabu cha hesabu kiliandikwa na mwingine. Siku moja fedha za kitabuni hazikulingana na fedha za mkobani. Mama yule alijua kichwani kila shilingi ilivyoingia na ilivyotoka, lakini hakuweza kuonyesha katika karatasi. Wenzake wakanyamaza, wakatazamana. Baadaye kosa la kitabu lilionekana, naye akasafishwa. Hata hivyo, kule kutazamana hakukusahau. Akaamua kwenda kujiandikisha katika masomo ya watu wazima, ambayo wengi wetu tunayaita ngumbaru.

Alinunua daftari na kalamu, akavificha ndani ya kiondo, chini ya sukuma wiki. Saa tisa ya mchana akafika langoni. Hakuingia, akapita moja kwa moja kama mtu anayekwenda dukani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu alisimama, mlinzi akamsalimu, naye akajibu kwamba anatafuta nyumba ya fulani, akaenda zake. Alipotueleza jambo hilo alicheka kidogo, kisha akalia. Alisema hivi: "Simwogopi mwalimu. Nawaogopa wale watakaoniona."

Ndugu msikilizaji, huenda wewe pia umewahi kupita lango la namna hiyo. Labda ulitoka shuleni kidato cha pili kwa ajili ya karo. Labda ulipata mimba ukiwa msichana mdogo. Labda ulikuwa kijana, ukaitwa na fedha za kuchuma chai au za kupakia magari, ukasema utarudi mwakani, na mwakani ukawa miaka kumi. Labda wewe ni mzee wa siku nyingi.

Hapa kwetu wengi waliacha shule bila kupenda. Wazee wa Nyeri wanakumbuka hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Baada ya tangazo hilo, serikali ya kikoloni ilizifunga shule za kujitegemea ambazo watu walikuwa wamezijenga kwa mikono na michango yao wenyewe, na watoto wengi wakabaki bila mahali pa kusoma. Tena miaka mingi baadaye, mwezi wa Machi 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021, wako watoto ambao hawakurudi tena. Basi kuacha shule si ajabu, wala si alama ya upumbavu. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 7.8 katika nchi yetu hawakujua kusoma na kuandika vya kutosha. Ukidhani uko peke yako, umedanganyika.

Woga hufanya kazi jinsi gani?

Yafaa tuujue adui kabla ya kupigana naye. Mtu mwenye woga anapokaribia lango, moyo hupiga mbio, viganja hutoka jasho, kinywa hukauka, na hata jina lake mwenyewe aweza kulisahau. Hilo si dalili ya kuwa hana akili. Mungu aliuumba mwili wetu hivyo ili tukimbie hatari. Taabu ni kwamba mwili haujui kutofautisha chui na ubao wa darasa. Huuona ubao, ukapiga yowe lile lile.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama yule alipogeuka langoni siku ya kwanza, alipata nafuu. Moyo ukatulia, akapumua. Lakini nafuu hiyo ilimfundisha jambo la uongo. Iliuambia mwili wake: "Umeona? Lango lile lilikuwa hatari, nawe umeokoka kwa kukimbia." Basi siku ya pili woga ukawa mkubwa kuliko wa kwanza, na siku ya tatu ukazidi. Kila mara tunapokimbia jambo lisilo la hatari, tunaulisha woga chakula. Ndiyo maana mtu husema, "Nitarudi shuleni woga utakapokwisha," na miaka ikapita. Woga hauishi kwa kungojewa. Huisha mtu akiingia nao, akaketi nao pale pale mpaka mwili wenyewe uone ya kwamba hakuna chui. Siku ya kwanza ni shida, siku ya tano ni afadhali, na baada ya mwezi mtu hushangaa alikuwa akiogopa nini.

Musa na miaka arobaini

Tulitazame Neno la Mungu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 7, Stefano anaeleza kwamba Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Alikuwa msomi wa nyumba ya mfalme. Kisha akakimbilia Midiani, akakaa huko miaka arobaini akichunga kondoo za mkwewe. Miaka arobaini bila kitabu wala mwalimu! Halafu Mungu akamwita katika kijiti kilichowaka moto, akamwambia arudi Misri.

Musa alijibu nini? Ukisoma Kutoka sura ya 4 utaona visingizio vyake. Alisema watu hawatamwamini. Alisema yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Mwisho alimwomba Mungu atume mtu mwingine, yeyote tu, asiwe yeye. Je, si maneno yetu hayo? Twasema, "Watanicheka. Kichwa changu kimekuwa kizito. Heri wasome watoto, mimi wakati wangu umepita." Na Musa hakuwa kijana. Kutoka sura ya 7 yatuambia kwamba alikuwa na umri wa miaka themanini aliposimama mbele ya Farao.

Mungu hakumwambia Musa kwamba hapana cha kuogopa. Farao alikuwa Farao kweli. Bali Mungu alimpa mambo matatu, na mambo hayo matatu twaweza kuyachukua sisi nasi.

Kwanza, alimwuliza ana nini mkononi. Musa alikuwa na fimbo tu, fimbo ya mchungaji. Hakuipata shuleni Misri, aliipata katika ile miaka arobaini aliyodhani imepotea. Na kwa fimbo ile ile Mungu alifanya ishara kubwa.

Mama yetu wa viazi alipoingia darasani hatimaye, mwalimu aliuliza hesabu: debe moja la viazi likiuzwa shilingi 350, madebe manne ni shilingi ngapi? Wenzake wakaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye alikwisha jibu, shilingi 1,400, kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Hakujua kuliandika jibu lile vizuri, lakini alikuwa nalo. Miaka ishirini ya soko ilikuwa fimbo mkononi mwake. Wewe nawe umelea watoto, umepanga matumizi ya nyumba, umefanya kazi chini ya msimamizi mkali, umejua kuamka mapema na kutimiza neno lako. Mtoto wa miaka kumi hana hayo. Hurudi darasani mikono mitupu.

Tena usidhani ya kuwa yale uliyojifunza zamani yamefutika yote. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa muda mrefu, akaandika matokeo yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1885. Aliona kwamba jambo ambalo mtu ameshalisahau hujifunzwa mara ya pili kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Ni kama njia ya shambani iliyoota majani. Ukiipita mara chache, inaonekana tena, maana chini ya majani njia ilikuwapo.

Pili, Mungu alimpa Musa mwenzake. Alimwambia kwamba Haruni ndugu yake yuko njiani, anakuja kumlaki, tena atafurahi moyoni mwake. Musa hakutumwa peke yake. Mama yetu naye hakuingia lango lile kwa nguvu zake. Siku ya nne jirani yake wa kanisani, ambaye alijua kusoma tangu utotoni, alifunga kibanda chake cha mboga saa nane na nusu, akamwambia, "Twende, mama, nami nitaketi nawe." Wakaketi nyuma, karibu na mlango. Siku hiyo ya kwanza mama yule aliandika jina lake tu, na mkono uliozoea jembe ulitetemeka hata kalamu ikatoboa karatasi. Jirani hakusema neno, alifungua ukurasa mwingine. Alikwenda naye juma moja zima, kisha akamwachia.

Tatu, Mungu alimwahidi Musa kwamba atakuwa pamoja na kinywa chake na kumfundisha la kusema. Hakumpa maneno yote siku ile kijitini. Alimpa ya kila siku kwa siku yake. Basi nawe usiulize leo utawezaje mtihani wa mwisho. Uliza utawezaje somo la leo.

Waliotutangulia katika njia hii

Wasikilizaji, mifano haiko katika Biblia tu. Waruhiu Itote, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1922 na kujulikana kwa jina la Jenerali China, alifungwa Lokitaung, kule Turkana. Huko gerezani alifundishwa Kiingereza na mfungwa mwenzake, Jomo Kenyatta. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuongoza wapiganaji msituni, naye hakuona haya kuketi kama mwanafunzi.

Wengi wenu mnamkumbuka mzee Kimani Maruge. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza nchini mwezi wa Januari 2003, yeye alisikia kwamba ni ya watu wote, akalishika neno hilo kama lilivyo. Mnamo Januari 2004 alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Umri wake ulihesabiwa kuwa miaka 84. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wengine. Na sababu yake? Alisema alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, apate kujua kama wahubiri wanasema yaliyomo. Sisi wahubiri na tulisikie hilo! Mwaka 2005 alisafiri kwa ndege mara ya kwanza maishani mwake, akaenda New York kwenye Umoja wa Mataifa kusema juu ya elimu.

Lakini twataka mkumbuke sehemu ya pili ya habari yake, ambayo haisemwi sana. Ghasia zilipotokea baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, mzee Maruge alipoteza mali yake, akakaa katika kambi ya waliofukuzwa makwao. Aliwaza kuacha shule. Hata hivyo alitembea kutoka kambini kwenda darasani. Alipohamia Nairobi mwaka 2008 alijiandikisha tena katika shule nyingine, Kariobangi. Alikufa mwezi wa Agosti 2009 akiwa bado mwanafunzi. Mtu huyu hakurudi shuleni mara moja tu. Alirudi, akaangushwa, akarudi tena.

Na kule Ndalat, Nandi, alikuwako bibi Priscilla Sitienei, ambaye watu walimwita Gogo, yaani nyanya. Alikuwa mkunga, na baadhi ya watoto aliosoma nao darasa moja yeye ndiye aliyewapokea walipozaliwa. Alisoma mpaka alipofariki mwaka 2022, karibu na umri wa miaka mia.

Kosa letu sisi wa kanisa

Sasa, wapendwa, tumesema juu ya woga wa anayerudi. Lakini haki yatudai tuseme pia juu ya wale wanaomtazama. Mama yule alisema anawaogopa watakaomwona. Je, watakaomwona ni akina nani? Si sisi?

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa ushirika wetu aliamua kurudi kidato cha pili baada ya kukaa nje miaka mitano. Alikuwa na ndevu. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, mmoja wetu alimwita "mzee wa darasa," na wengine tukacheka. Hatukuwa na nia mbaya, tulidhani ni utani. Jumapili iliyofuata jina hilo lilikuwa limefika kwa vijana wote wa Majengo, na makanga stendini walilipaza kila alipopita na sare yake. Baada ya majuma mawili aliacha shule. Siku hizi ni makanga yeye mwenyewe. Tulimwendea kumwomba msamaha, naye alitusamehe kwa upole, lakini shuleni hakurudi. Kicheko chetu kilikuwa cha dakika moja, na yeye amelipa miaka. Tunaposema habari hii hewani tunaona haya, lakini afadhali tuone haya sisi kuliko mwingine aangushwe namna hiyo.

Tena wako wasichana waliojifungua wakiwa shuleni. Tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya ilikubali kwamba msichana wa namna hiyo aweza kurudi kusoma, na mwaka 2020 miongozo ya kitaifa ya kurudi shuleni ilitolewa, ikithibitisha haki hiyo. Jirani zetu wa Tanzania walitangaza mlango huo kufunguliwa mwezi wa Novemba 2021. Sheria imefungua lango. Lakini msichana huyu akifika kanisani na kukuta macho ya kumhukumu, lango la sheria litamfaa nini? Anamhitaji Haruni. Anahitaji nyanya atakayemshika mtoto saa za masomo, na akina mama wa kanisa watakaosema, "Nenda, binti yetu, mtoto yuko salama." Anayemshika mtoto huyo anafanya kazi ya Mungu sawasawa na anayehubiri.

Hatua za kuanzia

Mtu atauliza, "Nianze wapi?" Twatoa mashauri machache.

Nenda kwanza siku isiyo ya masomo. Tembea mpaka langoni, msalimu mlinzi, tazama darasa liko wapi. Siku nyingine ingia ofisini uulize tu. Kwa hatua hizo ndogo mwili unajifunza kwamba mahali pale hapana chui.

Uliza katika ofisi ya elimu ya watu wazima iliyo karibu nawe, au kwa mwalimu mkuu, au kwa mchungaji wako, ujue darasa linalokufaa. Anayetaka kujua kusoma na kuandika ana mahali pake, na anayetaka mtihani wa kidato cha nne aweza kuuandikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usiwaulize watu wa kijiweni, kwa maana wao hawajui masharti wala gharama.

Mwambie mwalimu ukweli mapema. Mwambie, "Mwalimu, nimekaa nje miaka kumi na miwili, nami naogopa kuitwa ubaoni." Mwalimu mwema atakungoja. Woga uliosemwa kwa kinywa hupungua nusu.

Pimwa macho. Wengi waliopita miaka arobaini hudhani kichwa kimekufa, kumbe ni macho yasiyoona herufi za karibu. Miwani ya kusomea imewarudisha darasani watu waliokwisha kata tamaa.

Soma kidogo kila siku. Nusu saa kila jioni baada ya sahani kuoshwa ni bora kuliko usiku mzima mara moja kwa mwezi. Soma kwa sauti, na watoto wako wakusikie. Usione haya mtoto akikusahihisha. Siku hiyo umemfundisha unyenyekevu bila kumhubiria.

Na ukishindwa jaribio la kwanza, usilifanye kuwa hukumu. Mama yetu alipata alama tatu katika kumi katika imla yake ya kwanza. Alikwenda nyumbani amenyamaza. Kesho yake tulimwona saa nane na nusu akifunika viazi vyake kwa gunia.

Mto wa Yordani

Tumalize kwa Yoshua sura ya 3. Wana wa Israeli walifika Yordani wakati wa mavuno, mto ulipokuwa umefurika kingo zote. Mngetazamia kwamba Mungu angelikausha maji kwanza, kisha awaambie wapite. Sivyo ilivyokuwa. Makuhani walitangulia wakichukua sanduku la agano, na maji yakaendelea kupita mbele yao. Ni nyayo zao zilipotiwa katika maji ya ukingoni ndipo maji yale yalipozuiliwa juu yake. Walilowa miguu kabla ya kuona njia kavu.

Ndugu yangu, dada yangu, mzee wetu, nyanya yetu, tunaomba mlichukue neno hili nyumbani. Woga wako ni ule mto. Usingoje ukauke ndipo uondoke. Mwombe Mungu, mshike mwenzako mkono, utie mguu. Nawe uliyekwisha vuka, usisimame ng'ambo ukimcheka anayelowa. Rudi ukamshike mkono.

Mama yule siku hizi anaandika mwenyewe kitabu cha hesabu cha kikundi. Mwandiko wake haujanyooka, na nambari zake ni kubwa kama za mtoto. Lakini kila mwisho wa mwezi huufungua ukurasa mbele ya wenzake, akauweka mezani, na wote wakasoma.

Tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyemwita Musa katika uzee wake wala hukuchoka na visingizio vyake, twakuomba umkumbuke kila mtu anayesimama leo nje ya lango akiogopa kuingia. Umwonyeshe kilichomo mkononi mwake. Umpelekee Haruni njiani. Utusamehe sisi tuliocheka, utupe vinywa vya kutia moyo. Na yule kijana wetu, Bwana, usimwache. Umrudishe kwa wakati wako. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu akipenda tutakutana tena. Na kama jirani yako ana daftari alilolificha chini ya sukuma wiki, leo mwambie, "Twende, nitaketi nawe."